Nilivyonyamaza Kwenye Kamati ya Vitambulisho

Kwa miaka saba nilikuwa mmoja wa wazee watano waliokuwa wakiketi kisiwani Pate kuamua nani ni Mkenya na nani siye. Kazi yetu haikuitwa hivyo. Barua ya ofisi ilituita kamati ya kuhakiki, na ilisema tutaisaidia serikali kuwatambua waombaji wa vitambulisho. Kijana wa Nyeri au wa Kisii akitimiza miaka kumi na minane huenda na cheti chake cha kuzaliwa, akapakwa wino vidoleni, akangoja kadi. Kijana wetu alipaswa kwanza kupita mbele yetu. Sababu yake ni kwamba mpaka uko karibu, na ng'ambo ya mpaka kuna watu wenye majina kama yetu, lugha kama yetu na mapishi kama yetu.

Mimi niliteuliwa kwa kuwa nilisoma hadi kidato cha nne, na kwa watu wa rika langu kisiwani hilo ni jambo adimu. Tena hati yangu inasomeka. Nikafanywa katibu. Wenzangu wanne waliuliza maswali, mimi nikaandika.

Tulikaa katika darasa la shule ya msingi wakati wa likizo, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa vifua. Afisa alivuka kutoka Amu, zilipo ofisi za serikali, kwa boti ya asubuhi. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kusalimia kila mtu kwa mkono. Kila alipokuja alibeba sanduku la katoni lililofungwa kwa nailoni. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kusoma alama za vidole. Haikufunguliwa hata siku moja. Nilipomuuliza aliniambia kwamba maagizo ya kuifungua hayajafika, lakini hawezi kuiacha ofisini maana yeye ndiye aliyeitilia sahihi. Basi mashine ile ikavuka maji miaka yote, huku vidole vya vijana vikipakwa wino na kufutwa kwa kitambaa kimoja.

Maswali yalikuwa ya wazee. Wewe ni wa ukoo gani? Babu yako aliswali msikiti upi? Kisima chenu kiko wapi, na babu yako amezikwa wapi?

"Babuyo alikuwa akiteka mayi kisima gani?" mzee mmoja alimuuliza mvuvi kijana.

"Cha msikitini, bwana. Wewe wakijua kisima hicho. Mulikuwa mukioga naye pamoya."

"Na kaburi lake?"

"Alipotea na mashua yake. Niwaonyeshe wimbi lipi?"

Wazee walicheka, na mwenye kuuliza alicheka kuliko wote, kwa sababu siku mashua ile ilipopotea yeye alikuwa miongoni mwa walioitafuta. Afisa alitaka kujua kicheko ni cha nini. Tulipomweleza, aliandika: kaburi halijulikani. Kijana yule alikaa mwaka mzima na ziada bila kadi.

Wakati huo nilikuwa hodari wa kulalamika. Nilikuwa na redio, na redio ilisema kila siku kwamba nchi yetu imetangulia Afrika nzima kwa mambo ya simu, kwamba mtu anaweza kulipa, kununua na kusajili akiwa amekaa kitandani. Kwetu uvuvi wa usiku ulikuwa umepigwa marufuku. Mpiga picha za harusi aliyeleta kamera ndogo ya kuruka angani alinyang'anywa gatini kabla hajaifungua. Mtu akitaka kwenda kumzika shangaziye bara alihitaji barua ya chifu yenye muhuri wa siku hiyohiyo. Ukimwonyesha askari picha ya barua ileile ndani ya simu, alikwambia simu haina muhuri. Barazani nilisema kwamba nchi hii inaogopa watu wake, na inaogopa chombo chochote kinachoweza kumfanya mtu asihitaji kupiga magoti. Watu walinisikiliza. Nilisema vizuri. Kisha likizo ilipofika nilichukua kalamu yangu nikaenda kuketi darasani.

Nina mpwa, binti wa dada yangu. Dada yangu aliolewa ng'ambo ya mpaka, na mtu wa kabila letu, wakati ambapo watu walikwenda kuoa na kuolewa huko kama wanavyokwenda Kiunga au Kipungani. Vita vilipoanza kule, mumewe alimpakia mashuani akiwa na mimba kubwa, yeye akabaki nyuma afuatie baadaye. Hakuwahi kufika. Dada yangu aliteremka kwa mama yetu Pate, na baada ya wiki tatu akajifungua katika chumba cha ndani. Zahanati wakati ule ilikuwa imefungwa kwa kukosa muuguzi. Mkunga alikuwa jirani. Mimi nilikuwepo. Mtoto alipooshwa nilipewa nimshike, nikamuadhinia sikioni.

Mtoto huyo alikua na mikono ya ajabu. Akiwa na miaka kumi na minne alifungua redio yangu bila ruhusa, na nilipokuja juu akaniambia, "Mjomba, ngoja kwanza uisikie." Ilikuwa ikinasa stesheni ambazo sikuwahi kuzipata. Alipomaliza shule alianza kutengeneza simu ukumbini mwa nyumba ya mama yangu, na baada ya simu akaingia kwenye taa za sola. Wanaume wa makamo walikuja na simu zao zilizoingia maji ya chumvi, wakakaa mkekani wakingoja kama wanavyongoja zamu kwa kinyozi. Mwalimu wake wa zamani alimsaidia kuomba nafasi katika chuo kimoja cha ufundi Mombasa, mwaka mmoja wa elektroniki. Akapewa nafasi. Kilichobaki ni nambari ya kitambulisho. Bila nambari hiyo fomu ya chuo haikukubali kwenda mbele, na bila kadi yenyewe asingepita vizuizi vya barabarani kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara.

Alijua maswali ya kamati, na alijua kwamba hana cheti. Akafanya jambo ambalo mimi, katibu, sikuwahi kulifikiria. Alichukua simu yake akaenda nyumba kwa nyumba kwa bibi wazee wa mtaani, akawaomba wamtajie nasaba za watu. Nani amezaa nani, katika nyumba gani, nani alikuwa mkunga. Akawarekodi wote. Alikusudia kuzipanga sauti hizo kwa majina ya koo ili kijana yeyote akiitwa, sauti ya anayemjua ipatikane mara moja. Wa kwanza kumrekodi alikuwa mama yangu mimi, ambaye wakati ule alikuwa hatoki tena kitandani.

"Nimemtia bibi humu ndani," aliniambia, akinionyesha simu. "Kamati ikiuliza, bibi atajibu."

"Kamati haiulizi simu."

"Kwani wewe si kamati?"

"Mimi ni katibu."

"Basi andika kwamba simu yasema."

Nilimwambia serikali haijaruhusu. Nilimwambia shahidi ni mtu anayekuja kwa miguu yake, akaonekana uso. Nilikuwa nikirudia maneno ya afisa neno kwa neno, na sikujisikia. Mama yangu alifariki miezi miwili baadaye.

Siku ya mpwa wangu ilipofika, alikuwa wa tisa kuitwa. Alivaa buibui jipya na kushika bahasha ya karatasi zake: cheti cha darasa la nane, cha kidato cha nne, nakala ya kitambulisho cha mamake. Alijibu maswali yote. Kisima, msikiti, kaburi. Afisa akauliza cheti cha kuzaliwa. Akaeleza hana na sababu yake.

"Mama yako alivuka lini?" afisa aliuliza.

"Wiki tatu kabla ya kunizaa."

"Unajuaje? Ulikuwa tumboni."

Mzee mmoja alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Bibi yangu aliniambia. Nimemrekodi." Aliweka simu juu ya dawati na kabla hajakatazwa akabonyeza.

Sauti ya mama yangu ikajaa darasani. Alikuwa na miezi minane kaburini. "Huyu alizawa hapa nyumbani kwangu, chumba cha ndani, siku ya tatu baada ya Idi ndogo. Mamake alikuya na tumbo lake, tukampokea. Na alomuadhinia ni mjombake. Sauti ilimkatika kati, maana alikuwa na mafua."

Ni kweli. Nilikuwa na mafua. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha alisema simu si shahidi, sheria inataka mtu. Akauliza bibi mwenyewe yuko wapi, akaambiwa amefariki. Akasema pole. Akainua kichwa na kututazama sote watano.

"Kuna mtu hapa anayeweza kuthibitisha?"

Hakujua kwamba mjomba aliyetajwa ndiye mimi. Wenzangu walijua. Hawakunitazama, kwa heshima.

Nikanyamaza.

Nimejieleza mara nyingi kwa nini, na maelezo yote yana ukweli ndani yake. La kwanza ni desturi. Kwetu mtu akitaja nasaba yake mbele ya wazee na wazee wakanyamaza, nasaba hiyo imepita. Mzee anayesikia uongo ndiye anayelazimika kusema. Hata mwari akiulizwa kama ameridhia kuolewa, hunyamaza, na kunyamaza kwake huandikwa ndiyo. Wenzangu wanne walinyamaza kwa maana hiyo, na mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Alhamdulillahi, lishapita hilo." La pili ni jina langu. Nilisifika kwa kutopendelea jamaa. Niliwahi kumkatalia binamu yangu barua, na watu walinisifu kwa hilo, nami nilipenda kusifiwa. La tatu ni hofu. Nilijua kwamba nikisema huyu ni mpwa wangu, swali litakalofuata ni la shemeji yangu na ng'ambo ya mpaka, na baada ya hapo faili langu mimi.

Kama ingekuwa kunyamaza tu, ningesema afisa hakutuelewa, naye asingeelewa kwa kuwa kwao asiyesema hana la kusema. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Niliona alivyoandika kwa kalamu yake nyekundu: hakuna shahidi. Akanisogezea karatasi ninakili katika kitabu cha kamati, kama ilivyokuwa kawaida. Nilikuwa na nafasi ya kusema, bwana afisa, hujatufahamu. Wenzangu walikuwa wamekwisha kumwita wa kumi. Nilinakili. Hakuna shahidi. Hati yangu, kama nilivyosema, inasomeka.

Tulitembea pamoja kurudi nyumbani. Yeye alidhani limepita, maana alituona tumenyamaza na anajua desturi kama sisi. Alinishukuru. Njiani aliniuliza Mombasa vyumba vya kupanga hupatikana mitaa gani, nami nikamtajia mitaa. Nilijua na nikamtajia mitaa. Hilo sikuliweka katika maelezo yangu hapo juu kwa sababu halina sababu.

Baada ya miezi miwili orodha ilibandikwa mlangoni kwa chifu. Jina lake halikuwemo. Alikuja kwangu adhuhuri nikiwa nakula.

"Mjomba, mimi simo."

"Nimesikia."

"Chifu asema imeandikwa hakuna shahidi. Ni nani aloandika?"

"Afisa."

"Na kwenye kitabu chenu?"

Nikasema nilinakili alivyoandika yeye. Nikaongeza kwamba ndivyo nchi hii ilivyo, kwamba wenzetu wa dunia nzima wanatambuliwa kwa kidole na jicho, na sisi tunatafutiwa makaburi. Niliongea kwa muda. Alisikiliza amesimama, akanawa mikono kana kwamba atakula, kisha akasema, "Haya," akaondoka.

Nafasi ya chuo ilipita. Mwalimu wake alijaribu kuomba isogezwe mwaka, wakakubali, na mwaka huo nao ukapita. Aliomba tena kadi. Mara ya pili afisa alikuwa mwingine, akataka faili la kwanza, na faili halikuonekana. Mara hiyo nilikuwa nimeazimia kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Lakini bila faili hakuitwa ndani, na asiyeitwa hana wa kumshuhudilia. Mara ya tatu aliambiwa mtandao hauko. Nilimuuliza afisa mtandao unahusiana vipi na wino. Akasema hata yeye hajui, ndivyo walivyoambiwa.

Sikujiuzulu. Watu huniuliza, wale wachache wanaoijua habari hii. Nilikaa kwenye kamati miaka mingine minne, mpaka ofisi ilipoteua wazee wapya. Nilijiambia kwamba nikiwa ndani nitawasaidia wengine, na kweli nilijifunza kufungua mdomo. Nilikuwa nikimwambia afisa, "Kwetu kunyamaza ni kukubali, kwa hiyo andika wazee watano wamekubali." Baadhi ya maafisa waliandika. Vijana kadhaa walipata kadi zao kwa sentensi hiyo moja, na walipokuja kunishukuru niliwapokea.

Mpwa wangu aliendelea na kazi. Alikuwa haendi mbali zaidi ya Mokowe, na mara nyingi hakufika hata huko. Vipuri aliagiza kwa watu waliokwenda Mombasa, wakamletea vioo visivyolingana na simu, kwa sababu aliyetumwa hakuijua tofauti. Alikuwa na droo nzima ya vioo visivyolingana. Aliwafundisha wasichana wengine, na wawili kati yao, ambao wazazi wao wote wawili ni wa huku, walipata vitambulisho, wakaenda kusoma, mmoja katika chuo kilekile. Huyo akirudi likizo alimletea mpwa wangu madaftari. Niliwaona siku moja wamekaa ukumbini, mwanafunzi akimfafanulia mchoro wa saketi na yeye akikubali kwa kichwa. Baadaye mpwa wangu akamwambia kwa upole kwamba mchoro umekosewa mahali pamoja.

Kisha miaka ikapita, tukasikia amri imetoka juu kwamba kamati zote za namna ile zivunjwe, na kwamba kijana wa mpakani ataomba kadi kama kijana mwingine yeyote. Barazani watu waligawanyika. Mmoja alisema hata hili ni la maneno tu, tungoje tuone. Mwingine alisema sasa kila mtu ataingia, na nti hii itajaa. Nilimtazama aliyesema hivyo. Babake alizaliwa ng'ambo, najua, maana niliandika.

Mpwa wangu alikwenda Amu peke yake. Hakunitaka niende naye, nami sikujialika. Alirudi kwa boti ya mchana akaniambia kwamba hakuulizwa babu wala kisima. Aliweka vidole juu ya kioo cha mashine, mmoja baada ya mwingine, akapigwa picha, akaambiwa angoje. Aliikagua mashine ile vizuri kuliko ilivyomkagua yeye. Alisema ndani yake ni kitu chepesi sana, na kwamba kioo kikiharibika yeye anaweza kukibadilisha.

Kadi ilipofika alikuwa na miaka thelathini na zaidi. Alisafiri wiki hiyohiyo kwenda Mombasa kununua vipuri. Alikaa siku nne. Nilihesabu vizuizi vya njiani kichwani mwangu, nikimwaza akishushwa na abiria wengine, akipanga foleni, akitoa kadi. Aliporudi nilikwenda kumwona. Ukumbi ulikuwa umejaa maboksi, na yeye alikuwa chini akipanga vioo kwa ukubwa.

"Walikusumbua ndiani?"

"Hawakunitazama hata uso. Wametazama kadi tu."

"Na chuo? Ulipita kukiona?"

"Nilipita nje." Akachukua kioo kingine, akakisogeza mwangani. "Yale wanayosomesha mwaka wa kwanza nayasomesha mimi hapa. Lakini nilitaka kusomeshwa, mjomba. Ni vitu viwili."

Nikaona hii ndiyo nafasi. Nilikuwa nimekuja na maneno, niliyoyapanga kwa miaka. Nilianza kwa kusema kwamba nchi yetu imemdhulumu, kwamba mashine ilikuwepo tangu siku ile, ndani ya katoni, hatua tatu kutoka alipoketi, na kwamba wangemtambua kwa dakika moja kama wangetaka. Nilisema serikali inayoogopa chombo huwa inamwogopa mtu. Hayo nayaamini hata leo. Nilikusudia kutoka hapo nifike kwangu, niombe radhi.

Hakuningoja nifike.

"Nti iliwanyima watu wengi," alisema. Hakuinua sauti wala hakuacha kupanga. "Yule mvuvi wa wimbi ilimnyima. Mimi ulininyima wewe."

Akafuta vumbi kwenye kioo kimoja.

"Nilishakusamehe. Mamangu aliniomba nikusamehe kabla hajafa, nikamwambia nishafanya, na ni kweli. Lakini kila mara ukiya hapa waanza na serikali. Mimi hungoja umalize. Miaka yote nangoja umalize useme lako, na humalizi."

Dada yangu hakuwahi kuniambia kwamba alimwomba jambo hilo. Halafu nikasema kwamba ni mimi. Nikasema nilimjua, nilimshika siku aliyozaliwa, na niliandika kwa mkono wangu kwamba hakuna shahidi. Maneno yalikuwa machache kuliko niliyokuwa nimeyapanga.

"Ndio," alisema.

Mlangoni alisimama mama mmoja na simu isiyokubali kuchaji. Mpwa wangu akasogeza maboksi apate pa kuketi, nami nikainuka nikampisha.